Lenzi Mbili za Baba Mkwe

Nilifanya kazi chumba kimoja na baba mkwe wangu kwa miaka sita bila kuuona uso wake. Nikiwasimulia watu wa mikoa mingine hucheka, wakidhani natia chumvi. Kwetu Rungwe mke wa mwana haonani na baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake njiani, anaingia kwenye migomba na kujifunika khanga mpaka mzee apite. Jina lake halitamki, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwa mtu wa tatu. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, familia nyingi za Kikristo zilikuwa zimeanza kuilegeza desturi hiyo, wengine hata wanakula meza moja na wakwe zao. Mzee wetu alikuwa mzee wa kanisa na hakulegeza hata uzi mmoja.

Studio yake ilikuwa Tukuyu, kwenye mteremko chini ya soko: chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, na nyuma yake chumba cha giza cha kusafishia picha. Mume wangu ndiye aliyetazamiwa kuirithi kazi, lakini alikuwa na haraka kuliko dawa. Picha inataka dakika tatu kwenye sinia, yeye anaitoa baada ya moja. Mama mkwe ndiye aliyesema, tena mbele ya wote, kwamba mikono yangu imetulia, kwa hiyo nijaribiwe mimi. Nikapewa zamu. Asubuhi ilikuwa ya mzee, alasiri ilikuwa yangu. Akimaliza aligonga mlango wa nyuma kwa fimbo na kuondoka zake, nami nikaingia kwa mbele na kukuta dawa bado inacheza kwenye sinia.

Alinifundisha kwa penseli. Kila picha niliyoiacha imening'inia kukauka niliikuta kesho yake imeandikwa nyuma. "Umemkata mikono. Mtu si kabichi." "Bwana harusi ana usingizi au wewe ndiye uliyesinzia?" Mara chache sana aliandika "Safi," na neno hilo moja lilinitosha mwezi mzima. Sijui kama wapo walimu wengine waliomfundisha mtu hivyo. Ninachojua ni kwamba nilimpenda yule mzee kama baba yangu, na sikuwa nimewahi kumwona zaidi ya visigino.

Kamera yetu ilikuwa ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo, ya kufunikwa guo jeusi na kutazamwa kwa nyuma kwenye kioo cha ukungu, ambako mtu huonekana kichwa chini miguu juu. Mzee aliachiwa na Mzungu mmoja wa misheni aliyerudi kwao kabla sijazaliwa, na pamoja nayo aliachiwa lenzi mbili za kale. Ya kwanza ilikuwa ya shaba, nene kama chupa ya chai, yenye pete nyuma ambayo ukiilegeza picha inalainika. Ya pili ilikuwa fupi na nyeusi, haina sura, yenye kioo kimoja tu ndani. Ilikuja na visahani vitatu vya bati vilivyotobolewa vitundu kama chujio la chai, vya kuchomeka mbele yake. Zote mbili ziliundwa kwa kazi moja, kulainisha sura za watu. Hapo wengi hukosea wakadhani picha laini ni picha iliyoharibika. Picha laini ya kweli ina ukali wake chini, kope zinahesabika, halafu juu ya ule ukali umetandazwa mwanga mwembamba.

Mtoto wa jicho alipozidi kumsumbua, mzee alihamia nyumbani Mpuguso. Zamu ikawa yangu mchana kutwa. Maneno ya penseli yakapungua, kwani ilibidi picha zangu zibebwe na mume wangu kila Jumapili, mama mkwe amweleze mzee kilichomo, kisha majibu yarudi kwa mdomo wa mume wangu. Sikuona ubaya wowote. Mume ndiye mtu wa tatu aliye karibu kuliko wote, na niliwahurumia wanawake ambao wakwe zao huwatumia majirani.

Ndipo vitu vilipoanza kuingia. Maduka ya Tukuyu ambayo tulizoea kuyakuta na viberiti na majembe yakajaa redio, vitenge na viatu vya mtumba vinavyong'aa. Mbeya ikafunguliwa maabara ya picha za rangi: unapeleka filamu asubuhi kwa basi, jioni unarudi na picha thelathini na sita. Vijana wenye kamera za plastiki shingoni wakawa wanazunguka kwenye harusi na vipaimara, wanapiga flashi mpaka kuku wanashtuka. Akatokea pia mfanyabiashara mmoja kutoka Dar es Salaam aliyepita vijijini akinunua vya kale, saa za ukutani, santuri, cherehani za miguu. Mume wangu alimpeleka mpaka Matwebe kwenye pikipiki yake na kumtembeza siku tatu. Aliporudi alikuwa na macho mapya. Kila kitu ndani ya nyumba alikitazama kama mtu anayepima ng'ombe.

Jumapili moja alirudi kutoka Mpuguso akasema, "Baba anataka uzijaribu lenzi zote mbili. Uzilinganishe vizuri, uandike ipi bora."

Nikamuuliza ya nini.

"Hiyo bora ndiyo itakayobaki hapa. Utafanyia kazi wewe."

Niseme wazi jambo hili lilikuwa na uzito gani kwangu. Katika nyumba ile sikuwa na kitu ninachoweza kukiita changu, ukiacha khanga zangu na vyungu. Kamera ya mzee, studio ya mzee, pikipiki ya mume, shamba la ukoo. Nilikuwa nimezoea. Lakini lenzi moja kubaki kwa ajili ya mikono yangu, tena kwa neno la mzee mwenyewe, ilikuwa sawa na kuambiwa nimekuwa mpiga picha. Usiku huo nililala nikitabasamu ukutani kama binti aliyechumbiwa.

Mama mkwe akaja kukaa nasi siku nne ili awe sura ya majaribio. Nilimketisha karibu na dirisha, nyuma yake mlango wazi unaoonyesha migomba. Mama yule alijua kutulia. Nilikuwa na karatasi za kutosha picha kumi na mbili tu, na nasema karatasi kwa sababu filamu za vipande vikubwa zilikwisha kusahaulika tangu miaka ya uhaba. Tulikata karatasi ya kuchapia picha kwa mkasi na kuipachika kwenye kamera badala ya filamu. Ubaya wa karatasi ile ni kwamba haioni wekundu, na ngozi zetu zimejaa wekundu. Ukipiga kwa lenzi kali, mtu mweusi anatoka kama mkaa, na kila kinyweleo kinaonekana. Ndiyo maana bila lenzi laini tusingekuwa na wateja.

Siku ya kwanza niliharibu mbili kwa ujinga. Nilitafuta ukali wa jicho la mama huku lenzi nyeusi ikiwa wazi, kisha nikachomeka kisahani na kupiga. Picha ikatoka sikio limekaa sawasawa, jicho limeyeyuka. Lenzi ile inahama. Ukishaibana kwa kisahani, pale ulipopaona pakali si pale tena, kwa hiyo lazima ukichomeke kwanza, uvumilie giza la kioo, ndipo utafute jicho. Halafu nilipolipata jicho bado kuna jambo. Kwenye ubao wa chini wa kamera palikuwa na maandishi ya penseli ambayo nilikuwa nimeyafuta vumbi mara nyingi bila kuyaelewa: "Nyeusi: ukishaona, punguza ukucha mmoja." Nikasogeza kioo upande wa lenzi kwa upana wa ukucha na kupiga. Nilipoisafisha nilikaa chini kwenye sakafu. Macho ya mama yalikuwa makali kama ya kuku, na kuanzia kwenye mifupa ya mashavu mwanga ulikuwa umevuja kidogo ukashuka shingoni.

Ile ya shaba haina vituko hivyo. Unachokiona kwenye kioo ndicho unachokipata. Katikati ni kali, pembeni inazungusha mambo, hata migomba nyuma ya mama ilimzunguka kama ugali unaosongwa. Pete ukiilegeza mzunguko mmoja mtu anapendeza. Ukiilegeza miwili anaonekana marehemu aliyerudi kuchukua kitu alichosahau. Siku ya ukungu, na Tukuyu siku za ukungu ni nyingi kuliko za jua, shaba inafanya kazi kwa uaminifu wakati nyeusi inageuka uji mtupu. Nyeusi inataka jua la pembeni, la saa tatu asubuhi au saa kumi.

Tofauti kubwa niliiona kwenye mafuta. Watu wetu wakija kupigwa picha hujipaka mafuta ya mgando mpaka wanang'aa. Kwa lenzi ya shaba mafuta yanaonekana jasho, na miaka yote nilikuwa nawafuta wateja kwa kitambaa wakinuna. Siku ya tatu nikamwambia mama ajipake kama anavyojipaka akienda kanisani, nikampiga kwa nyeusi na kisahani cha pili. Mng'ao haukukaa juu ya ngozi, uliingia ndani yake. Mzungu aliyeiunda lenzi ile hakuwa anatufikiria sisi, nina hakika, lakini ilitufaa sisi kuliko walioundiwa.

"Chagua vizuri, mwanangu," mama mkwe aliniambia nilipokuwa nabadilisha karatasi. "Mzee anasubiri neno lako."

"Nitachagua, mama."

Nyuma ya kila picha niliandika lenzi, kisahani au mizunguko ya pete, saa, na hali ya hewa. Sikuipendelea nyeusi. Niliandika kwamba kwa biashara ya kila siku ya shaba inatosha na haisumbui. Lakini nyuma ya ile ya mafuta niliandika: "Baba, hii nyeusi. Nikiwa nayo sihitaji nyingine." Nikazifunga zote kumi kwenye bahasha, pamoja na zile mbili zilizoharibika ili aone nilivyokosea, nikampa mume wangu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Lufingo kumwona mama yangu. Niliporudi, kamera ilikuwa mahali pake, na mbele yake ubao wa lenzi una tundu la duara. Ya shaba ilikuwa kwenye kabati. Nyeusi haikuwepo, wala visahani vyake. Mezani palikuwa na kamera mpya ya plastiki ndani ya boksi, na flashi yake.

"Baba ameamua iuzwe," mume wangu alisema. "Alitaka kujua ipi yenye thamani, basi. Yule bwana wa Dar alipoziona picha zako hakubisha hata neno. Zilimshawishi kabisa."

Aliyasema hayo akitabasamu, kama ananisifia. Na mimi nikaelewa kwamba nilikuwa nimetumwa kunoa kisu cha kunichinjia mwenyewe. Mzee alinitumia. Alijua kwamba ni mimi tu ninayeweza kuionyesha lenzi ile ilivyo, akanipa ahadi kama mtoto anavyopewa pipi ili atulie anyolewe, na nilipomaliza akauza. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na sioni ni nini kingine ningeamini. Kwenda kumuuliza haikuwezekana. Nilijaribu kwa mama mkwe alipokuja sokoni, nikamwambia nimesikia lenzi imeuzwa. Akanitazama kwa baridi ambayo sikuwahi kuiona machoni mwake.

"Si ndivyo mlivyotaka? Ndaga, tumeshukuru," akasema, akajitwisha mkungu wake na kwenda.

Nikachukulia kwamba wamekubaliana wote. Tangu siku ile sikupeleka tena picha Mpuguso, wala chai ya majani niliyokuwa nikimpelekea mzee kila mwezi. Nao hawakuuliza. Maneno ya penseli yakakoma kabisa. Nikapiga picha za rangi kwa kamera ya plastiki, bwana harusi macho mekundu, bibi harusi uso mweupe kama bamba, na watu wakafurahi. Ya shaba niliitumia kwa wazee wachache waliong'ang'ania. Nilikuwa mkali wakati ule. Wateja waliniogopa, na nilimkemea mume wangu kwa kila kitu isipokuwa kwa lile moja alilostahili.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na methali hiyo nilikuwa naitumia sana, nikimkusudia mzee. Nguo yenyewe nilikuwa nalala nayo.

Miaka ilipita, zaidi ya minne. Mzee akaanguka, akawa wa kitandani, na kama ilivyo desturi wake wa wana tukaitwa Mpuguso kusaidia. Nilipika, nilifua, nilichota maji. Chakula nilikifikisha kwenye pazia la chumba chake na mama mkwe akakipokea. Alasiri moja mvua ilikuwa inanyesha taratibu, nimeleta uji, mume wangu yumo ndani amekaa na baba yake. Nikasikia sauti ya mzee, ndogo lakini haina mikwaruzo.

"Mkamwana wangu yuko hapo?"

"Yupo," mama mkwe akajibu.

"Muulize kwa nini alikataa lenzi yangu."

Mama mkwe alinigeukia. Aliona haya kwa niaba yangu. "Anauliza..."

"Nimesikia, mama. Mwambie sikukataa. Hakuna aliyenipa."

Hakulipeleka lile neno. Halikuhitaji kupelekwa, pazia lilikuwa kitenge tu.

"Nilimtuma mumewe," mzee akasema, na alikuwa bado anazungumza na mkewe ingawa kila neno lilikuwa langu. "Nilisema mkamwana achague moja, iwe yake, ya kufa na kuzikana. Ile atakayoiacha ndiyo iuzwe. Akarudi akaniambia mkewe hataki vya kale. Anasema nyeusi iuzwe anunuliwe ya rangi. Mimi nilijua angeichukua nyeusi. Nilijua. Nikasema basi, nilimfundisha mtu asiyeona."

Nilisimama na bakuli mkononi. Nikamsubiri mume wangu. Alikuwa na nafasi, tena pana. Angeweza kusema nilikosea, angeweza kusema nilitaka twende na wakati kama wenzetu, ningemwelewa hata kama nisingemsamehe. Mume wangu si mtu katili. Bado naishi naye, hunichemshia maji ya kuoga baridi ikizidi.

"Baba, usijichoshe," alisema. "Mambo ya zamani hayo."

Mzee akafanya jambo ambalo hakulifanya maisha yake yote. Alinisemesha mimi, moja kwa moja, bila kumpitia mtu.

"Zile picha za mama yako, nyuma uliandika nini?"

Mama mkwe aliweka mkono mdomoni. Mimi nilijifunika khanga ingawa pazia lilikuwepo, nikajibu.

"Niliandika hii nyeusi, baba. Nikiwa nayo sihitaji nyingine."

"Hazikufika kwangu hata moja."

"Nilizifunga zote kwenye bahasha. Nilimpa yeye."

Nikasikia kitanda kikilia, amejigeuza upande wetu.

"Basi nimekununia miaka yote hii bure," akasema.

"Na mimi, baba."

Akacheka, kicheko cha mtu asiye na pumzi, na mimi nikacheka huku nalia. Mume wangu alikuwa amesimama kati yetu, upande ule wa pazia. Niliona miguu yake chini ya kitenge, na hakuna aliyemwambia akae.